104 si mia moja na nne: jinsi ya kusoma alama za kapasita

Utangulizi

Fungua redio mbovu, chaja ya simu au kompyuta ya zamani, utakuta ubao uliojaa vitu vidogo vya rangi na maumbo mbalimbali. Vingi vina maandishi. Kimoja kimeandikwa 104, kingine 2J104J, kingine 4n7, kingine X2 275V~. Mafundi wetu wa Lubumbashi, Bukavu au Goma huyaona maandishi hayo kila siku, na wengi wameyajua kwa kumtazama fundi aliyewatangulia: hii iweke pale, ile usiiweke. Wameyakariri neno moja moja, kama mtu anayejua salamu za lugha ya ugenini bila kujua lugha yenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba alama za kapasita zina sarufi. Zina mpangilio wa maneno, zina viambishi, zina herufi moja yenye maana mbili, na zina mambo yasiyoandikwa ambayo msomaji hutakiwa kuyajua. Aliyekariri atakwama mbele ya alama mpya. Anayeijua sarufi ataisoma hata kama hajawahi kuiona. Kosa la kusoma hapa huunguza chombo, na mara nyingine humuua mtu. Kwa hiyo tumeona inafaa jarida la wanafunzi wa lugha lilishughulikie jambo hili.

1. Kitu chenyewe na majina yake

Kapasita ni ghala dogo la chaji ya umeme. Ina bamba mbili za metali zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme: karatasi, plastiki, seramiki au utando mwembamba wa oksidi. Ya kwanza kujulikana ilikuwa chupa ya Leiden, iliyogunduliwa mnamo 1745 na 1746 na watu wawili ambao hawakuwa wakishirikiana: Ewald von Kleist na Pieter van Musschenbroek, huyu wa pili akiwa mjini Leiden, Uholanzi. Mwaka 1782 Mwitalia Alessandro Volta alitumia jina condensatore, kwa wazo kwamba umeme hukusanywa na kubanwa humo. Kifaransa kimelishika jina hilo mpaka leo, condensateur, ndiyo maana kwetu husikika kondansateri. Kiingereza kilibadili jina baadaye, na kutoka huko vitabu vya Kiswahili vimepata kapasita. Majina ni mawili, kitu ni kimoja.

Uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji hupimwa kwa faradi, kipimo kilichopewa jina kwa heshima ya Michael Faraday. Faradi moja ni kubwa mno kwa kazi ya kila siku, kwa hiyo tunatumia sehemu zake: mikrofaradi (µF), nanofaradi (nF) na pikofaradi (pF). Kila hatua ni mara elfu moja: 1 µF ni sawa na 1 000 nF, na 1 nF ni sawa na 1 000 pF.

2. Tarakimu tatu na kipimo kisichoandikwa

Kwenye kapasita ndogo za seramiki na za plastiki, alama ya kawaida kuliko zote ni tarakimu tatu zisizofuatwa na kipimo: 104. Anayesoma kwa mazoea atasema mia moja na nne. Amekosea. Tarakimu mbili za kwanza ndizo namba yenyewe, yaani 10. Ya tatu ni amri tu: inasema ziongezwe sifuri ngapi. Kumi na sifuri nne ni 100 000. Kipimo kisichoandikwa ni pikofaradi. Basi 104 ni 100 000 pF, yaani 100 nF, au 0,1 µF.

Kwa kanuni hiyo moja tunasoma nyingine zote za ukoo huu:

101 ni 100 pF
102 ni 1 000 pF, yaani 1 nF
472 ni 4 700 pF, yaani 4,7 nF
103 ni 10 000 pF, yaani 10 nF
223 ni 22 000 pF, yaani 22 nF
474 ni 470 000 pF, yaani 0,47 µF

Kila sarufi ina vighairi. Tarakimu ya tatu ikiwa 9, haiongezi sifuri tisa bali hugawanya kwa kumi: 479 ni 4,7 pF. Ikiwa 8, hugawanya kwa mia moja. Na kwenye kisahani cha seramiki zikiwapo tarakimu mbili tu, kwa mfano 47, hakuna amri yoyote: ni 47 pF.

Sasa tuitazame alama 220. Kwa kanuni yetu, ni 22 bila kuongeza sifuri, yaani 22 pF. Mtengenezaji anayefuata mfumo huu, akitaka 220 pF, huandika 221. Lakini kwenye kikopo kidogo cha alumini kilichobandikwa juu ya ubao, 220 maana yake ni mikrofaradi 220 kamili. Tarakimu ni zilezile, na tofauti ya thamani ni mara milioni kumi!

Jambo hili lisitushangaze, kwa kuwa tunaliishi kila siku. Mama muuza nyanya akisema mia tano, hakuna anayeuliza mia tano za nini: ni faranga. Mwenye duka la kompyuta akisema mia tano, kila mtu anajua ni dola. Kipimo hakikutamkwa, kinajulikana kutokana na kitu kinachouzwa. Vivyo hivyo kwa kapasita: kisahani kidogo cha seramiki huhesabiwa kwa pikofaradi, kikopo cha alumini kwa mikrofaradi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya msomaji ni hii: kabla ya kusoma maandishi, tazama mwili ulioyabeba.

3. Herufi iliyokalia mahali pa mkato

Sisi tuliosoma kwa mtindo wa Kifaransa huandika 4,7 kwa mkato. Mwingereza huandika 4.7 kwa nukta. Zaidi ya hayo, nukta iliyochapwa juu ya kitu kidogo kuliko punje ya mahindi hufutika upesi, na 4.7 ikisomwa 47 thamani imekuwa mara kumi. Ili kuepuka matatizo yote mawili, mkato umeondolewa na mahali pake imewekwa herufi ya kipimo. 4n7 ni 4,7 nF. 2p2 ni 2,2 pF. 2µ2 ni 2,2 µF. Herufi ikitangulia, namba inaanza kwa sifuri: n47 ni 0,47 nF, yaani 470 pF, na µ1 ni 0,1 µF. Mara nyingine utaona R badala yake, kama katika 3R3, ambayo kwenye kapasita ya seramiki ni 3,3 pF.

Vyombo vya zamani vina lahaja yao. Kwenye redio za balbu na mota za kale utasoma MFD, MF au hata mF. Leo m ndogo ni mili na M kubwa ni mega, lakini waandishi wa wakati ule walikusudia mikrofaradi. Na MMF au MMFD ni mikro ya mikro, yaani pikofaradi ya leo. Anayesoma maandishi ya kale kwa kamusi ya leo ataichukua 10 mF kuwa milifaradi kumi, akosee mara elfu moja. Wanafunzi wa isimu ya kihistoria wanalijua kosa hili: neno limebaki, maana imehama.

4. Herufi moja, maana mbili

Baada ya tarakimu tatu mara nyingi hufuata herufi, kwa mfano 473K. Waliozoea rezista, ambako 47K ni omu 47 000, husoma K kuwa kilo. Hapa sivyo. Herufi inayofuata tarakimu tatu inaeleza kosa linaloruhusiwa, yaani thamani ya kweli inaweza kupungua au kuzidi kwa kiasi gani. Zinazokutwa zaidi ni hizi:

F ni asilimia 1
G ni asilimia 2
J ni asilimia 5
K ni asilimia 10
M ni asilimia 20
Z ni kutoka asilimia 20 chini hadi asilimia 80 juu

Basi 473K ni 47 nF, na thamani yake ya kweli iko kati ya 42,3 nF na 51,7 nF. Kwa kuchuja umeme, hata Z hutosha. Kwa sehemu ya redio inayochagua stesheni, Z haifai kabisa.

Sasa tuko tayari kwa 2J104J. Ina J mbili, nazo hazisemi jambo moja. Jozi ya mwanzo, tarakimu moja na herufi moja, inaeleza volteji ya juu kabisa ambayo kapasita inastahimili. Humo kila herufi ina namba yake: A ni 1,0, C ni 1,6, D ni 2,0, E ni 2,5, V ni 3,5, G ni 4,0, H ni 5,0, J ni 6,3. Tarakimu inayoitangulia ni amri ya kuzidisha: 0 usizidishe, 1 zidisha kwa kumi, 2 kwa mia moja, 3 kwa elfu moja. Kwa hiyo 0J ni volti 6,3. 1C ni volti 16. 1H ni volti 50. 2A ni volti 100. 2E ni volti 250. 2G ni volti 400. 3A ni volti 1 000. Na 2J ni volti 630.

Usomaji kamili wa 2J104J ni huu: volti 630, nanofaradi 100, kosa la asilimia 5. J ya mwanzo ni 6,3. J ya mwisho ni asilimia 5. Mahali ndipo panapotofautisha. Tunayo mifano yetu wenyewe: ka ya katoto hufanya kitu kidogo, ka ya akanunua huendeleza hadithi, na hakuna msemaji anayezichanganya, kwa sababu moja hukaa mwanzoni mwa jina na nyingine ndani ya kitenzi. Angalia pia kwamba amri ya kuzidisha iko mwisho katika 104 lakini iko mwanzo katika 2J. Ni kama kiambishi tamati na kiambishi awali katika neno moja.

Kuna hatari gani? Fundi kijana anaona 104 katikati, anatafuta 104 nyingine katika mkebe wake, anaipata yenye 1H na kuiweka. Kapasitansi ni sawasawa, lakini volti 50 zimewekwa mahali pa volti 630. Itapasuka au kuungua, pengine usiku watu wakiwa wamelala. Kanuni ya mafundi ni kwamba volteji ya kapasita mpya iwe sawa na ya zamani au zaidi, isiwe chini kamwe.

5. Mstari uleule, maana zinazopingana

Kapasita nyingine zina upande wa chanya na upande wa hasi. Za kawaida ni vikopo vya alumini vyenye elektroliti, ambavyo Kifaransa cha mafundi huviita chimique. Kwenye hivyo, mstari mrefu wenye alama za kutoa unaonyesha mguu wa hasi. Vikiwa vipya, mguu mrefu zaidi ni chanya. Kwenye kikopo kilichobandikwa juu ya ubao, kipande cheusi juu ya kifuniko ni hasi.

Anayeishia hapo atasema mstari ni hasi. Kisha atakutana na kapasita ya tantali, kibonge kidogo cha njano au cheusi chenye mstari upande mmoja na tarakimu kama 107, yaani 10 na sifuri saba, 100 000 000 pF, au 100 µF. Kwenye tantali mstari ni chanya. Alama ni moja, lakini maana zinapingana. Ukigeuza ya alumini, hujaa gesi na kupasuka. Ukigeuza ya tantali, inaweza kuwaka moto.

Tantali hutolewa katika koltani, na koltani inachimbwa kwetu, kwa mfano Rubaya katika Masisi. Jiwe linaondoka Kivu katika magunia, kisha linarudi ndani ya simu na kompyuta likiwa na tarakimu na mstari. Angalau tuweze kuisoma alama iliyo juu yake.

Mtego mwingine: NP au BP kwenye kikopo maana yake haina chanya wala hasi. Lakini NP0 kwenye seramiki ni jambo jingine kabisa: inasema thamani yake karibu haibadiliki kwa joto wala kwa baridi, na herufi ya mwisho si O bali ni sifuri. Jamaa zake ni X7R na Y5V. X7R hufanya kazi kutoka nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125 juu yake, na thamani hubadilika isizidi asilimia 15. Y5V hufanya kazi kutoka 30 chini ya sifuri hadi 85 juu, na inaweza kupoteza hadi asilimia 82 ya thamani yake. Herufi ya kwanza ni joto la chini, tarakimu ni joto la juu, herufi ya mwisho ni mabadiliko.

6. X na Y: alama zinazolinda uhai

Mahali waya wa umeme wa nyumbani unapoingia katika chombo utaona kapasita zenye maandishi mengi: 0,1 µF K X2 275V~. Alama ~ inasema volteji hiyo ni ya umeme wa kwenda na kurudi, kama ule wa ukutani. Umeme wa volti 220 hufika kilele cha volti 311 hivi, na mara kwa mara hupitiwa na mapigo mafupi makali zaidi. X2 imekusudiwa kustahimili mapigo ya hadi volti 2 500. Kapasita ya kawaida iliyoandikwa 400V bila alama ya ~ haikuahidi hivyo, hata kama 400 inaonekana kubwa kuliko 275.

Kapasita ya X huunganishwa kati ya waya mbili za umeme. Ikiharibika na kupitisha umeme moja kwa moja, fyuzi hukatika. Kapasita ya Y huunganishwa kati ya waya wa umeme na mwili wa metali wa chombo, au waya wa ardhi. Ikiharibika vivyo hivyo, mwili wa chombo unakuwa umeme mtupu. Ndiyo maana Y hutengenezwa ili ikifa, ikate njia badala ya kuifungua. Ukigusa sanduku la metali la kompyuta katika nyumba isiyo na waya wa ardhi na kusikia kimshtuko kidogo, mara nyingi ni chaji ndogo inayopita katika kapasita za Y zilizo nzima. Mahali pake ikiwekwa kapasita ya kawaida kwa sababu tarakimu zimelingana, siku itakapopasuka ndani anayegusa sanduku ndiye atakayeuona umeme wote. Kwa hiyo Y hubadilishwa kwa Y, na X kwa X au kwa Y. Y haibadilishwi kwa X, wala kwa kapasita isiyo na herufi.

7. Tusome sentensi nzima

Kapasita ya mota ya pampu ya maji mara nyingi huwa na maandishi ya namna hii: CBB60, 20µF ±5%, 450V~, 50/60Hz, 25/70/21, B. Tuisome polepole. CBB60 ni jina la aina, ya plastiki, ya mota za pampu na mashine za kufulia. Ya feni za dari huwa CBB61. Thamani ni mikrofaradi 20, kosa la asilimia 5. Inastahimili volti 450 za umeme wa kwenda na kurudi. Namba tatu, 25/70/21, zinasema: baridi hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, joto hadi nyuzi 70, na imepimwa siku 21 katika unyevu. B ni umri uliokusudiwa, saa 10 000. A ingekuwa saa 30 000, C saa 3 000, D saa 1 000. Wauzaji wawili wanaweza kuuza kapasita mbili za 20 µF kwa bei tofauti, na sababu ikawa katika herufi hiyo moja ya mwisho. Mnunuzi asiyeisoma hulinganisha bei tu.

Onyo kabla ya kusoma chochote: kapasita kubwa hukaa na chaji hata chombo kikiwa kimechomolewa. Ondoa chaji hiyo kwanza kwa rezista inayofaa, kisha hakikisha kwa kipima volti. Usisogeze kidole ili kufuta vumbi uone maandishi.

Hitimisho

Tumeona kwamba msomaji wa kapasita hufuata hatua ambazo sisi tunazijua kwa majina mengine. Kwanza anatambua aina ya maandishi kwa kutazama mwili. Pili anatafuta thamani na kipimo, kilichoandikwa au kisichoandikwa. Tatu anasoma herufi kulingana na mahali zilipo. Nne anaangalia volteji na kama kuna ~. Tano anatafuta chanya na hasi. Sita anauliza kama kuna X au Y. Akiruka hatua moja, tarakimu zinaweza kulingana na chombo kikaungua.

Vitabu vinavyoeleza haya kwa Kifaransa na Kiingereza vipo. Fundi anayefanya kazi kwa Kiswahili mara nyingi hana hata ukurasa mmoja. Ukurasa huo sisi tunaweza kuuandika: jedwali la herufi, kanuni ya tarakimu tatu, onyo la tantali na la Y, kwa Kiswahili kinachosomeka, ubandikwe ukutani juu ya meza ya kazi. Kabla ya kuuchapa, tuupeleke kwa mafundi wenyewe watusahihishe maneno, kwa maana majina ya vitu hivi wanayo wao.